Siku moja na nusu Kraków na mama: tufuate mwavuli au tukodi mwongoza wetu?

SWALI: Shikamoo kaka. Nasoma Wrocław, mwaka wa pili. Mama yangu anakuja kunitembelea kutoka Tengeru, Arusha, na hii ndiyo mara yake ya kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki. Ana miaka 66, magoti yanamsumbua, ila kwa udadisi ananishinda. Nataka kumpeleka Kraków mwanzoni mwa Novemba: tutafika tarehe 1 jioni, treni ya kurudi ni tarehe 3 alasiri. Mama ni Mkatoliki, alikuwapo Moshi mwaka 1990 Papa Yohane Paulo wa Pili alipokuja, kwa hiyo safari hii kwake ni kama hija. Nimeona kuna ziara za miguu za bure, unafuata mtu mwenye mwavuli, na kuna waongoza wa kukodi ambao bei yao imenishtua. Je, ya bure inatosha? Na mji wenyewe unatembeleka kwa magoti kama yake?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Huu ni mwaka wa tisa natembeza wageni Kraków, na kabla ya hapo nilitembeza wageni Mji Mkongwe wa Zanzibar. Nitakujibu kama ningemjibu ndugu yangu wa tumbo moja: kodi mwongoza, lakini usimkodi kwa ajili ya mji wa kale. Mji wa kale mtautembea wenyewe tarehe 2, polepole, mkikaa kila mnapotaka kukaa. Pesa ya mwongoza iweke kwa asubuhi ya tarehe 3, Kazimierz na Podgórze, mitaa walikoishi Wayahudi wa mji huu kabla na wakati wa vita, saa mbili na nusu basi.

Najua wengi hufanya kinyume. Huweka pesa kwenye kasri na makanisa, halafu Kazimierz huenda wenyewe jioni kutafuta chakula. Mimi naona hapo ndipo mgeni anapopoteza. Mji wa kale wa Kraków umesimama. Wanazi waliukalia toka 1939 hadi Januari 1945 lakini majengo hayakubomolewa kama yalivyobomolewa Warszawa. Kanisa utaliona ni kanisa, mnara ni mnara. Kazimierz nako majengo yamesimama, ila watu walioyajenga hawapo, na jicho peke yake halikwambii hivyo. Jicho linakuonyesha mikahawa, mishumaa madirishani, vijana wanacheka. Pale ndipo unapohitaji mtu wa kusimama kando yako na kusema.

Kuhusu ziara za bure. Zinaitwa bure lakini mwongoza anaishi kwa bakshishi. Mwanzoni mtapigwa picha ya pamoja. Mara nyingi picha ile ni ya kuhesabu vichwa, kwa sababu kampuni nyingi humtoza mwongoza kiasi fulani kwa kila mgeni aliyemletea. Kwa hiyo ukiondoka bila kutoa kitu, mwenzio ametembea saa mbili na nusu kwa hasara. Nilianzia huko mwenyewe na nawaheshimu sana waongoza wale; wapo wanaoujua mji huu kuliko maprofesa. Wewe nenda siku nyingine ukiwa peke yako, umwachie angalau zloti 50. Ila kwa mama, hapana. Kundi linaweza kufika watu 30, kituo kimoja ni dakika kumi za kusimama juu ya mawe, na wengi wa watu hao ni vijana wenye haraka. Novemba huku ni nyuzi joto 5 hadi 10 mchana, na baridi haitoki juu, inapanda kutoka kwenye mawe kupitia nyayo. Goti linalouma Tengeru likipata baridi hiyo litalia. Tena ziara hizo hupita nje tu ya sehemu za kulipia, na mama hakusafiri kote huku kuangalia milango.

Mwaka wangu wa kwanza nilimtembeza mzee mmoja wa Mombasa. Nilitaka kumwonyesha kila kitu: vituo 14 kwa saa tatu, nikihesabu wafalme na miaka bila kupumua. Jioni nikamuuliza, mzee, umekumbuka nini? Akasema tarumbeta, na mkate wa duara. Alisema kwa upole, lakini sikulala vizuri usiku ule. Tangu siku hiyo sipiti vituo sita kwa asubuhi moja.

Sasa tuanze na ile jioni mtakayofika, maana hukuniuliza, na ndiyo ningeililia kuliko zote. Tarehe 1 Novemba ni Watakatifu Wote, na Poland nzima huenda makaburini. Makaburi ya Rakowicki, yaliyofunguliwa 1803, yako kaskazini ya stesheni kuu, mwendo wa robo saa hivi kwa mtu mzima wa miguu. Kwa mama chukueni teksi. Njia za ndani ni tambarare. Langoni mnanunua taa zinazoitwa znicz: mshumaa ndani ya kikopo cha glasi chenye kifuniko cha bati kilichotobolewa, ili upepo usiuzime. Shika kimoja mkononi baada ya kuwashwa, utasikia joto lake likipenya glavu. Giza likiingia, taa ni maelfu, nyekundu, njano, nyeupe, na harufu ya nta na majani makavu inajaa njia zote. Watu huzungumza kwa sauti ya chini kabisa. Sehemu ya makaburi ya wanajeshi ndiko walikozikwa wazazi wa Karol Wojtyła, ambaye mama anamjua kwa jina la Yohane Paulo wa Pili. Hakuna tiketi, hakuna mwongoza. Mwulizeni mtu yeyote mzima, mtaonyeshwa.

Asubuhi ya tarehe 2 anzeni Barbakan, ile ngome ya duara ya matofali iliyojengwa mwishoni mwa karne ya 15, mwingie kwa lango la Floriańska. Kutoka hapo hadi kilima cha Wawel ni kama kilomita moja na nusu, na ndiyo njia waliyopita wafalme wakienda kutawazwa. Kabla ya kuingia, angalieni bustani inayozunguka mji wote. Inaitwa Planty, na ndipo ulipokuwa ukuta wa mji hadi ulipobomolewa mwanzoni mwa karne ya 19. Ina mabenchi kila hatua chache. Mama akichoka popote pale katika mji wa kale, shika barabara yoyote kuelekea nje, baada ya dakika chache utakutana na benchi.

Kwenye kona mtaona vigari vya kioo vinauza obwarzanek, ule mkate wa duara wa mzee wangu wa Mombasa. Unga husokotwa nyuzi kama kamba, ukafungwa duara, ukatoswa kwenye maji ya moto ndipo ukaokwa. Upo wa ufuta, wa chumvi, wa mbegu za popi. Ununue asubuhi, kufikia alasiri unakuwa mgumu na hauna tena ladha ile.

Uwanja mkubwa, Rynek Główny, fikeni dakika kumi kabla ya saa yoyote kamili. Una kama mita 200 kila upande, ulipimwa mwaka 1257 baada ya Wamongoli kuuteketeza mji mwaka 1241. Simameni upande wa kanisa la Bikira Maria, lile la minara miwili isiyolingana, mtazame kidirisha cha juu kabisa cha mnara mrefu. Saa ikipiga, dirisha linafunguka na tarumbeta inatoka, inang'aa. Mpigaji ni askari wa zimamoto. Zamu zao ni usiku na mchana. Anapiga wimbo mfupi kuelekea Wawel, anahamia dirisha la pili, la tatu, la nne. Kila mara wimbo unakatika katikati, kama mtu aliyeshikwa koo. Akimaliza hupunga mkono. Mwambie mama naye apunge, ataonekana. Saa sita mchana wimbo huo huo husikika redioni nchi nzima, desturi iliyoanza 1927.

Mtaambiwa kwamba unakatika kwa sababu mlinzi wa mwaka 1241 alichomwa mshale wa Mtatari, ndivyo Wamongoli wanavyoitwa huku, kooni wakati akipiga mbiu. Kisa kitamu, nami hukisimulia. Lakini kanisa mnaloliona lilijengwa baada ya uvamizi huo, na kisa cha mshale kilienea katika karne ya 20 tu. Nakupa na kipimo cha kumjua mwongoza: kabla ya kulipa, mwandikie umwulize kwa nini tarumbeta inakatika. Akikujibu mshale, akanyamaza, mtafute mwingine. Akikwambia watu husimulia mshale, kisha akakueleza kisa hicho kilitoka wapi, mchukue huyo. Tangu 2014 sheria ya Poland haidai tena leseni kwa mtu wa kutembeza wageni mjini, kwa hiyo cheti peke yake hakikutoshi, lazima umpime mwenyewe.

Ndani ya kanisa kuna mlango wa mbele wa wanaosali na mlango wa pembeni wa watalii wenye tiketi. Mama anaweza kuingia wa mbele na kusali, lakini siku hii mlipieni tiketi, kwa ajili ya altare ya Wit Stwosz. Aliichonga kuanzia 1477 hadi 1489, mbao za mti uitwao linden na za mwaloni, kimo chake kama mita 13. Mabawa yake, yaani milango yake ya pembeni, huwa yamefungwa asubuhi na kufunguliwa muda mfupi kabla ya saa sita mchana, kwa hiyo fanyeni hesabu ya kuwa mmekaa ndani wakati huo. Katikati Bikira Maria anaishiwa nguvu, magoti yanakunjika, mtume mmoja amemdaka kwa nyuma. Sanamu hizo zinazidi kimo cha mtu. Tazameni mikono ya mitume: mishipa imevimba juu ya viganja, vifundo vya vidole vimekakamaa kama vya wazee waliolima maisha yao yote. Wanazi waliifungua vipande vipande wakaipeleka Nuremberg. Ilirudi Poland mwaka 1946. Hapa msiwe na haraka hata kidogo. Kuna viti, mkae nusu saa. Mnara wenyewe ngazi zake ni zaidi ya 200, muuache.

Soko la nguo katikati ya uwanja, Sukiennice, piteni ndani tu, kuna joto. Kikanisa kidogo cha Mtakatifu Wojciech kando yake kinaonekana kama kimezama: ni uwanja ulioinuka, karne baada ya karne, taka na mchanga na mawe mapya juu ya mawe ya kale. Chini ya uwanja kuna makumbusho yaliyofunguliwa 2010, mtu anatembea juu ya barabara za zama za kati, lakini ni giza na kusimama kwingi. Mtarudi safari nyingine.

Kutoka hapo fuateni barabara ya Grodzka hadi kanisa la Wafransisko. Ingieni, kiingilio hakuna, kisha mgeuke nyuma. Juu ya mlango mkuu kuna dirisha la vioo vya rangi la Stanisław Wyspiański: Mungu Baba akiumba ulimwengu, mkono mmoja umeinuliwa, buluu na kijani na zambarau kama moto unaowaka chini ya bahari. Wengi hutoka bila kuliona kwa sababu hawakugeuka. Ng'ambo ya barabara ni nyumba ya askofu mkuu, Franciszkańska 3. Dirisha lililo juu ya lango lake ndilo Papa alilokuwa akisimama usiku kuzungumza na vijana alipokuja nyumbani, tangu 1979. Alipofariki Aprili 2005 watu walijaa mtaa huo na mishumaa. Mama aliyemwona Moshi atataka kusimama hapo, na mbele ya dirisha kuna bustani yenye mabenchi. Keti naye, mwache aseme yeye. Wewe siku hiyo uwe msikilizaji.

Wawel ni kilima, na njia yake ni ya mawe yenye mteremko. Pandeni taratibu, nusu nusu. Kanisa kuu ndimo walimotawazwa na kuzikwa wafalme wengi wa Poland, hata baada ya makao ya mfalme kuhamia Warszawa kuanzia mwisho wa karne ya 16. Chini yake kuna chumba cha Mtakatifu Leonard. Padre kijana Wojtyła alisomea misa zake za kwanza humo, tarehe 2 Novemba 1946, siku ya Marehemu Wote. Mtakuwa pale tarehe ile ile. Ngazi za kushuka ni nyembamba. Mweleze mama kilichopo, aamue mwenyewe. Nimeona akina mama waliosema hawawezi ngazi kumi wakashuka hizo wakishika ukuta. Kengele kubwa ya Zygmunt ya mwaka 1520 iachieni watu wa mapafu, ngazi zake ni za mbao na zimebana. Kufikia saa kumi na nusu jioni giza linaingia, rudini mlale.

Mambo madogo ya njiani, harakaharaka. Viatu vya soli nene, si vya ngozi laini. Choo cha umma hulipiwa, weka sarafu mfukoni, na mlangoni hutakuta picha ya mtu: duara ni wanawake, pembetatu ni wanaume. Mfundishe mama kusema "dzień dobry" anapoingia dukani, maana huku kuingia kimya ni utovu wa adabu kama kwetu. Na Wapolandi hawamwiti mtu mzima kwa jina kavu. Mwanamke ni Pani, mwanamume ni Pan. Mama akisikia anaitwa Pani ajue amepewa heshima yake.

Tarehe 3 sasa, na mwongoza wenu. Bei iliyokushtua ni ya kikundi, haihesabiwi kwa kichwa. Tafuta wanafunzi wenzako wawili watatu mgawane, mtabaki kikundi ambacho mama anaweza kusikia kila neno. Mwambie mapema kwa maandishi: mama ana magoti mabovu, tunataka vituo vitano, na kila kituo kiwe na mahali pa kukaa. Mwongoza mzuri atafurahi kuambiwa. Tena angalia kalenda: kama tarehe 3 ni Jumamosi, makaburi na sinagogi ya Remuh, huko Kazimierz, hufungwa kwa Sabato, basi badilisha siku hizi mbili.

Kazimierz ulikuwa mji wake wenyewe, ulianzishwa 1335 na mfalme Kazimierz. Mwaka 1495 Wayahudi wa Kraków walihamishiwa huko, na kwa karne nyingi ukawa mmoja wa miji mikuu ya elimu ya Kiyahudi Ulaya. Mwaka 1939 Wayahudi wa Kraków walikuwa zaidi ya 60,000, karibu robo ya watu wote. Mtaani Szeroka mtaona mbao za maduka ya zamani zenye majina ya Kiyahudi, fundi seremala, muuza vyakula. Mgeni hupiga picha akidhani ndiyo yale yale. Ni mapambo ya mkahawa. Uwanja wa Plac Nowy kuna jengo la duara ambalo vijana hupanga foleni madirishani kununua zapiekanka, mkate mrefu wa jibini na uyoga. Zamani Wayahudi walichinjia kuku wao humo. Hayo ndiyo ninayosema jicho halioni.

Kwenye makaburi ya Remuh hamtakuta znicz. Juu ya kaburi la Rabi Moses Isserles, aliyefariki 1572, mtakuta vijiwe, kila mgeni ameweka kimoja. Na ukuta wa ndani umejengwa kwa vipande vya mawe ya makaburi yaliyovunjwa, herufi zimekatika katikati ya majina. Mama atakuwa ametoka kwenye taa za Rakowicki juzi yake. Muache asimame kati ya makaburi haya mawili, mwongoza atamweleza kwa nini upande mmoja kuna wajukuu wa kuwasha taa na upande huu hawapo.

Kisha vukeni mto kwenda Podgórze, kwa tramu ikiwa magoti yamechoka. Machi 1941 Wanazi waliwafungia huko Wayahudi kama 15,000, katika mtaa uliozungushiwa ukuta ulioitwa geto, mahali palipokuwa na wakazi kama 3,000. Tarehe 13 na 14 Machi 1943 walimaliza: wenye nguvu wakapelekwa kambi ya Płaszów, wengine wakauawa mitaani au kupelekwa kambi ya mauaji ya Auschwitz. Kwenye uwanja wa geto hilo, Plac Bohaterów Getta, kuna viti vikubwa 33 vya chuma, vitupu, vimewekwa mbalimbali, kwa sababu vyombo vya nyumbani vilibaki vimetapakaa pale baada ya watu kuchukuliwa. Pembeni, kituoni pa tramu, kuna viti vidogo, na watu wa mtaa hukaa wakisubiri tramu yao. Keti hapo na mama. Kona ya uwanja ni duka la dawa la Tadeusz Pankiewicz, Mpolandi asiye Myahudi aliyebaki na duka lake ndani ya geto, akatoa dawa na kuwaficha watu. Sasa ni makumbusho madogo, hayachoshi. Kiwanda cha Schindler, Mjerumani aliyewaokoa Wayahudi waliomfanyia kazi, sasa ni makumbusho na kiko karibu, lakini ndani ni saa mbili za kusimama, na Auschwitz iko kama kilomita 70 nje ya mji na inadai siku yake nzima. Msizibane humu.

Jambo moja mwambie mwongoza tangu mnaposalimiana: mama anatoka Tengeru. Mwaka 1942 na kuendelea, Wapolandi kama 5,000, wengi wao wanawake na watoto, waliishi hapo kwenye kambi, baada ya Wasovieti kuwafukuza makwao hadi Siberia na Kazakhstan na wao kupita Iran mpaka Afrika Mashariki. Makaburi yao kama 150 bado yapo Tengeru, na huenda mama amepita kando yake tangu utoto. Wapo wazee Poland hii waliokulia chini ya Mlima Meru. Nimewahi kulitaja jina hilo mbele ya bibi mmoja muuza maua hapa Kraków, akaniuliza kama migomba bado ipo.

Mnunulie mama znicz mbili za ziada langoni Rakowicki, azifunge vizuri kwenye nguo ndani ya begi, aende nazo Tengeru. Na mfikishie shikamoo yangu.